Warudishieni wanafunzi wa sheria kazi zao waziandike tena

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyelalamika kwamba wahitimu wa sheria siku hizi hawajui kuandika, na kwamba dawa ni kuwaongezea somo la lugha katika mwaka wa kwanza. Lalamiko lake ni la kweli. Dawa ndiyo sikubaliani nayo. Mimi ni wakili, na kila mwaka hupokea wanafunzi wanaokuja ofisini kwa mafunzo ya vitendo. Kazi ya kwanza ninayowapa ni kumwandikia mteja maoni ya kisheria. Wengi wao lugha wanaimudu vizuri. Wanachokosa ni uzoefu wa kurudishiwa walichoandika na kuambiwa wakiandike upya.

Mwanafunzi huwasilisha insha, akakaa wiki kadhaa, kisha akapata alama na maneno machache pembeni: "fafanua zaidi", "hoja haieleweki". Wakati huo mada nyingine imeshaanza na hakuna anayemuuliza tena kuhusu ile ya zamani. Karatasi ya mtihani ndiyo kabisa, haimrudii. Mtu anaweza kumaliza shahada nzima bila kupanga upya aya hata moja kwa sababu msomaji ameshindwa kuielewa. Halafu anaingia kwenye kazi ambayo hati ya madai, mkataba na hoja za rufaa huandikwa, husomwa na mwenzako, hukatwa na huandikwa tena kabla ya kutoka ofisini.

Mmoja wa wanafunzi hao nilimpa jalada jepesi. Mpangaji amehama, na mwenye nyumba hataki kumrudishia amana yake, anasema kuta zimechakaa. Mteja anataka kujua kama anaweza kudai. Rasimu ilikuja ndefu. Ilianza na maana ya mkataba, ikaenda kwenye pendekezo na ukubali, ikapita kwenye historia ya sheria ya mikataba, na mpangaji mwenyewe akatokea karibu na mwisho. Jibu sikuliona. Niliiweka kando nikamuuliza, "Huyu mama akiingia sasa hivi, utamwambia nini?" Akajibu bila kusita: "Nitamwambia anaweza kudai, kwa sababu mkataba unamruhusu mwenye nyumba kukata gharama za uharibifu tu, na uchakavu wa kawaida si uharibifu." Nikamwambia aandike maneno hayohayo, yawe ndiyo aya ya kwanza.

Sheria aliijua tangu mwanzo. Ila alikuwa anamwandikia mtahini, ili aonekane amesoma, kwa kuwa hajawahi kupewa msomaji mwingine. Mteja hapimi usomi wa wakili wake. Anataka kujua afanye nini kesho asubuhi. Hakimu naye ana rundo la majalada mezani, anatafuta swali linalobishaniwa liko wapi na wewe unasema jibu ni lipi. Somo la lugha halifundishi hilo. Hilo hufundishwa na mtu anayekaa na rasimu yako na kukuonyesha mahali alipopotea.

Usomaji wenyewe una namna yake. Mwalimu akijaza wino mwekundu ukurasa mzima, mwanafunzi atarekebisha herufi na kuacha hoja ilivyo. Mimi husoma kwanza mpangilio peke yake: swali, jibu, kanuni, kisha namna kanuni inavyoangukia kwenye ukweli wa shauri hili. Hapo ndipo wengi huanguka. Watanukuu kifungu kizima, wataeleza ukweli wote, kisha wataandika "kwa hiyo mdai ana haki", bila kuonyesha ni neno gani la kifungu linalokutana na tendo gani la mdaiwa. Mpangilio ukikaa sawa ndipo tunaingia kwenye sentensi. "Ilikubaliwa kwamba malipo yafanyike": na nani, kwa nani, lini?

Mwisho tunakagua rejea, na hapa siwahurumii. Wengi hunukuu hukumu kutoka kwenye muhtasari wa mtu mwingine. Nimeshasoma rasimu iliyotegemea kesi ya Donoghue v Stevenson ya mwaka 1932, ile ya konokono kwenye chupa ya kinywaji cha tangawizi, na kunukuu maneno ya Lord Buckmaster kama ndiyo sheria. Lord Buckmaster alipinga uamuzi ule. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liligawanyika watatu kwa wawili, naye alikuwa upande ulioshindwa. Aliyeandika rasimu angefungua hukumu yenyewe angeliona hilo mapema.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mtindo tu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua mgogoro wa madereva wa kampuni moja ya maziwa katika jimbo la Maine. Sheria ya jimbo iliondoa malipo ya saa za ziada kwa orodha ya kazi iliyoishia na "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza", bila mkato kabla ya "au". Je, kusambaza ni kazi inayojitegemea, au kinachotajwa ni kufungasha tu? Madereva walisambaza, hawakufungasha. Mahakama iliona maneno yana utata, na utata ukawafaa wafanyakazi. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza shauri.

Kuna pia programu za kompyuta zinazoandika zenyewe. Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizobuniwa na programu. Marufuku peke yake haitatosha. Lakini mwanafunzi anayejua kwamba ataitwa aeleze aya yake ya tatu, kisha aiandike upya, hana faida ya kuleta aya asiyoielewa.

Najua wahadhiri watajibu kwamba madarasa yamejaa. Nakubali, na ndiyo maana naomba kazi ziwe fupi. Ukurasa mmoja ulioandikwa mara mbili unamfaa mwanafunzi kuliko kurasa kumi na tano zilizoandikwa mara moja, na msomaji wake hachoki. Nusu ya alama itolewe kwa rasimu ya pili. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasome rasimu za wa mwaka wa pili kabla hazijafika kwa mhadhiri, maana kusoma kazi mbovu ya mwenzio kunakufungua macho kwenye yako. Na sisi mawakili, ambao hatuchoki kulalamika juu ya vijana tunaowapokea, kila mmoja wetu achukue rasimu chache kila muhula, azisome, akae na walioziandika. Chuo chochote kitakachopanga utaratibu huo, mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha.

Wakili, mlezi wa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo