Wanaokoma hedhi wasikilizwe kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa tiba ya homoni kwa wanawake wanaokoma hedhi. Huku Kigoma, mama wa miaka 50 anayelowa jasho usiku na kukosa usingizi huambiwa avumilie, ni umri. Akitajiwa homoni, anachosikia ni saratani.

Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa estrojeni (homoni ya kike) ikitumiwa pamoja na projestini (homoni inayolinda mji wa mimba) huongeza hatari ya saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Lakini wengi wa wanawake wale walikuwa wameshavuka miaka 60. Kwa mwenye afya njema aliye chini ya umri huo, au ambaye hedhi yake haijapita miaka 10 tangu ikome, faida kwa kawaida huzidi madhara: joto la ghafla hupungua, na mifupa hulindwa. Ambaye hajatolewa mji wa mimba asipewe estrojeni peke yake, maana huweza kuleta saratani humo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hashauriwi kuitumia. Mambo haya, kwa kweli, hayaamuliwi kwenye dirisha la duka la dawa.

Naiomba idara ya afya ya mkoa itenge siku ya kliniki kwa mama zetu hawa, kuanzia Ujiji hadi Kibondo. Wapimwe presha, waulizwe magonjwa waliyowahi kuugua wao na ndugu zao, kisha waelezwe taratibu, na wale wanaofaa wapewe rufaa kwa daktari wa wanawake.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma