Amejenga kwao, hakuniuliza

Shangazi, shikamoo. Muadhini anaadhini alfajiri na mimi jicho sijalifumba.

Desemba natimiza miaka 60, nastaafu ualimu. Wiki jana nikifua nilikuta risiti kwenye mfuko wa shati la mume wangu: mabati geji 28, yamepelekwa Wundanyi, kwao, kule milima ya Taita. Shangazi, mtu hanunui mabati kama kuta hazijasimama. Siku zote hizo nampakulia chakula, hakuniuliza! Nilipomwonyesha ile risiti imelowa, akasema tu nyumba ni yetu sote.

Sisemi kwao kubaya. Kuna baridi nzuri, na marehemu mama mkwe alinipenda. Joto la hapa Mombasa la Februari limenichosha, na ni mimi niliyekuwa nikimwambia tukistaafu twende tukapumzike kule. Lakini nilisema kupumzika, sikusema kuhama.

Mimi nina nyumba hapa mtaa wa Majengo, niliachiwa na mama. Ni hizi zetu za Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Vinne nimepangisha. Ardhi si yetu, unajua mambo ya huku: nyumba yako, kiwanja unalipia kodi kwa mwenyewe. Sasa yeye ananiambia hizo ni kuta tu, mwenye ardhi akibadilika sina kitu, niiuze, kisha kiinua mgongo changu kimalizie kule. Kuhusu ardhi hakukosea, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lakini mama alikata roho chumba cha mbele. Na wazee wake walipokuja kuniposa, walikaa kwenye baraza hiyo hiyo anayotaka niiuze.

Tena nina sukari. Kliniki yangu iko hapa, watoto wako Kisauni na Likoni. Ikinipanda usiku kule mlimani, kushuka mpaka Voi ni kona tupu.

Mimi si mbishi. Miaka 33 nimemfuata kila alipotaka. Angeniambia tu, "Mama, nimechimba msingi," saruji ningenunua mimi. Hakuniuliza.

Dada yangu ananishauri pesa zikitoka nifungue akaunti nyingine, nirekebishe paa la Majengo, nisimwambie. Nikifanya hivyo nitakuwa nimemkosea? Si ni vilevile alivyonifanyia yeye? Sijawahi kumficha hata shilingi.

Nijibu upesi. Jumamosi anataka twende nikaione hiyo nyumba. Nguo nimeshapanga, na sweta.

Mwalimu, Mombasa