Barua kutoka ng'ambo ya Mekong

Vientiane, Laos, Jumapili jioni

Kwako rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na wote nyumbani nisalimie, hasa Bibi. Mimi mzima, miguu tu imevimba kwa safari.

Uliniuliza kwa nini sikupanda ndege kutoka Bangkok. Ningepanda, nisingekutana na mama mmoja ambaye tangu jana hanitoki moyoni.

Nililala ndani ya treni usiku kucha, zaidi ya kilomita 600 hadi Nong Khai, mji wa mwisho wa Thailand. Kulipokucha dirishani ni majaruba ya mpunga tu. Nikachukua bajaji hadi kwenye daraja la mto Mekong, ng'ambo yake ni Laos. Pale ukishagongewa muhuri wa kutoka huruhusiwi kuvuka kwa miguu. Unakata tiketi ya basi linalokwenda na kurudi mchana kutwa. Daraja lina mita 1,170, lilijengwa kwa fedha za Australia likafunguliwa 1994, na reli imepita katikati yake. Thailand wanaendesha kushoto kama sisi, Laos kulia, basi mwisho wa daraja magari yanasubiri taa ili yabadilishane upande. Nikakumbuka Rusumo, mpakani na Rwanda.

Huyo mama alikaa kando yangu, mtu mzima sana, amepakata kikapu cha mianzi chenye wali wa kunata. Pasipoti hana, ana kibali cha wakazi wa mpakani. Kijana mmoja akawa mkalimani wetu, akanieleza kuwa mama anakwenda kwa dada yake. Nikamuuliza mama, kwani wewe Mlao? Akasema yeye ni Mthai, ila kwao wanasema Kilao. Na kweli, tulipofika dirisha la uhamiaji alimsalimu afisa wa Laos, wakaongea kama majirani.

Mwanaidi, mto huu haukuwa mpaka. Mwaka 1893 Ufaransa iliilazimisha Siam, ndiyo Thailand ya leo, iachie ukingo wa kushoto wa Mekong, na watu wa lugha moja wakajikuta katika nchi mbili. Leo wasemao Kilao ni wengi zaidi Thailand kuliko Laos yenyewe! Niliposikia hivyo nikakufikiria wewe: mama yako Tanga, mama yako mdogo Vanga, Kenya, wote Wadigo, na katikati yao mpaka wa Horohoro. Unakumbuka ile harusi, tulivyokaa mpakani na masufuria ya pilau hadi yakapoa? Siku ile niliona ni usumbufu tu wa njiani. Sikujua mama yako alikuwa analia kwa nini.

Dada mtu alikuwa anangoja nje, chini ya mti. Hawakukumbatiana, walishikana mikono, wakabaki wameshikana hivyo hivyo wakiongea. Kisha yule mama akafunua kikapu, akafinyanga tonge, akanipa. Nilikula nimesimama, mzigo mgongoni.

Kesho nazunguka mjini, keshokutwa naelekea Luang Prabang. Ukienda Vanga, mwambie mama mdogo namsalimu sana.

Wako,
Saumu