Kilo za mkulima wa korosho hupotelea AMCOS kabla ya mnada

Mhariri,

Minada ya korosho inapofunguliwa Mtwara na Lindi kila Oktoba, mazungumzo yote huwa ni bei: leo imefunga shilingi ngapi, imepanda au imeshuka kuliko wiki iliyopita. Si vibaya. Lakini bei huzidishwa kwa kilo, na kilo zinaamuliwa kijijini, kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, mbele ya karani mmoja na mizani moja. Hapo ndipo naomba wanachama na wajumbe wa bodi wakaze macho msimu huu.

Tuanze na gunia tupu. Gunia la juti lina uzito wa karibu kilo moja. Karani akikata kilo mbili kwa mazoea, mkulima amepoteza kilo moja kwa kila gunia. Kisha zinakuja desimali: mizani inasoma 81.6, kitabuni inaandikwa 81. Chukua chama kinachopokea tani 500 kwa msimu. Kwa gunia la kilo 80, hayo ni magunia 6,250. Ikidondoka nusu kilo tu kwa kila gunia, ni kilo 3,125. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000, ni zaidi ya shilingi milioni tisa na laki tatu. Na korosho zenyewe zipo! Zinafika ghala kuu, zinauzwa, na malipo yake ni lazima yaingie kwenye jina fulani. Wakulima hewa kwenye orodha za malipo huzaliwa hivyo, kwa nusu kilo nusu kilo, wala haihitajiki njama kubwa.

Kuzuia jambo hili hakuhitaji mradi wa wafadhili. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na stika ya mwaka huu ionekane. Iwekwe juu ya saruji au ubao ulionyooka, maana ikiinama kwenye mchanga inadanganya hata kama imehakikiwa. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, lipandishwe jiwe la kilo 20 mbele ya wakulima waliopo. Stakabadhi ya mapokezi ionyeshe uzito pamoja na gunia, uzito wa gunia tupu, uzito halisi hadi desimali moja, na daraja. Mkulima aondoke na nakala yake saa ileile, asiambiwe aifuate kesho. Na kila lori linapoondoka, jumla ya stakabadhi za wakulima ilinganishwe na uzito uliopokelewa ghala kuu. Tofauti ielezwe kwa maandishi siku hiyohiyo. Wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, wanapofika, fedha zimekwishagawanywa. Kinachobaki kwao ni kuandika hati yenye mashaka.

Tuwatendee haki makarani pia, kwa sababu upungufu mwingine unaletwa na sisi wakulima. Korosho inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 10. Gunia la kilo 80 lililopokelewa likiwa na unyevu wa asilimia 14 litakapokauka hadi 10 litabaki na kilo 76 na nusu hivi. Aliyeleta korosho mbichi amelipwa kilo 80. Zile tatu na nusu zinalipwa na wanachama wote, kwa jina la unyaufu au upotevu. Hasara haiishii hapo, kwani korosho mbichi ikilundikwa ghalani inapata joto na ukungu, kiini kinabadilika rangi, na ubora ukishuka wanunuzi hushusha bei ya shehena nzima.

Ianikwe juani siku mbili hadi tatu, kwenye jamvi au sakafu ya saruji, ikigeuzwa, na ifunikwe jioni. Iliyokauka, ukichukua konzi na kuitikisa inalia, na ukucha hauachi alama kwenye ganda. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, vipimo hivyo vya mkono havitoshi. Chama kinunue kipima unyevu, na anayepimwa akazidi arudi kuanika, awe mwanachama wa kawaida au mwenyekiti. Chama kifanye pia jaribio la kukata: chukua kilo moja kutoka magunia mbalimbali, kata, kisha pima uzito wa viini vilivyo bora. Gramu 275 ni sawa na ratili (pauni) 48 na nusu za viini kwa gunia la kilo 80, na ndiyo namba ya ubora wa mzigo. Chama kinachoijua namba yake hakiyumbishwi na mtu anayekuja kusema mzigo wenu ni duni.

Baada ya kilo kuna mjengeko wa bei, yaani makato yanayotolewa kwenye bei ya mnada hadi kubaki bei ya mkulima. Makato mengi yana sababu zake halali: ushuru wa halmashauri, ghala, usafirishaji, chama cha msingi, chama kikuu kinachounganisha AMCOS. Kinachochoma ni kuyajua baada ya fedha kuingia benki. Bango moja lililobandikwa mlangoni siku ya mnada, likionyesha bei iliyouzwa, kila kato kwa shilingi kwa kilo na bei ya mkulima, linazuia ugomvi mkubwa. Vurugu za Liwale za Aprili 2013 zilitokana na malipo ya pili kuja pungufu kuliko wakulima walivyotarajia.

Wapo watakaosema mkulima mwenyewe anauza kangomba, kwa kipimo cha chombo badala ya mizani, kwa bei ya kutupa. Ni kweli, na ni kinyume cha sheria. Lakini anauza Julai na Agosti, wakati ada na chakula vinamkaba na korosho bado maua. Kumkamata Oktoba hakujazi sufuria la Agosti. AMCOS yenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) jirani inaweza kumkopesha kiasi kisichozidi theluthi ya wastani wa mauzo yake ya misimu mitatu, kikatwe kwenye malipo ya mnada. Hilo linawezekana pale tu ambapo vitabu vya mizani vya misimu hiyo vinaaminika.

Kwa hiyo, ombi langu kwa Warajis Wasaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma: kabla ya ghala lolote la AMCOS kuruhusiwa kupokea korosho msimu huu, likaguliwe vitu vinne: stika ya mizani, jiwe la kupimia, vitabu vya stakabadhi vyenye namba zinazofuatana, na ubao wa mjengeko wa bei. Ambalo halijatimiza, wakulima wake wapelekewe mizani ya chama kikuu hadi litimize.

Mwanaushirika,
Masasi