Njahi yangu iligoma kutoa maua Minnesota

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika hapa kwamba mbegu za kienyeji ni za wazee waliokosa pesa za kununua paketi dukani. Nilicheka halafu nikakasirika, manake mimi niko Minnesota mwaka wa tisa sasa na huku watu wenye pesa zao ndio wanazitafuta.

Wacha nianze na aibu yangu. Nilipopata kashamba nyuma ya nyumba nilichukua njahi (yale maharagwe meusi ya kwetu) za kupika kutoka duka la Waafrika nikapanda mwisho wa Mei, barafu ya usiku ikiwa imeisha. Ziliota vizuri sana, zikapanda ua wote mpaka watu wanasimama kuuliza ni mmea gani huo, lakini maua hakuna. Juni hakuna, Julai hakuna, Agosti majani tu. Zikaanza kutoa maua katikati ya Septemba, wiki mbili baadaye barafu ikaanguka usiku mmoja na asubuhi kila kitu kilikuwa cheusi kama kimemwagiwa maji moto. Kumbe njahi husubiri usiku mrefu ndio itoe maua. Kwetu Kenya usiku ni kama masaa 12 mwaka mzima, huku Juni jua linakaa masaa 15 na zaidi, sasa maskini itajuaje wakati umefika?

Mzee jirani alikuwa anaangalia hiyo vita yote, akanionea huruma akaniletea bahasha ya nyanya inaitwa German Pink. Hiyo ilitoka Bavaria kule Ujerumani na familia moja ya wakulima wa Iowa, na mjukuu wao Diane Ott Whealy na mumewe Kent wakaanzisha Seed Savers Exchange, shirika la kutunza mbegu za kienyeji, 1975 baada ya babu kuwapa mbegu. Leo shirika liko Decorah, Iowa, na linatunza zaidi ya aina 20,000!

Nyanya si ngumu. Machi unasia ndani ya nyumba chini ya taa, Mei mwishoni unahamisha nje, na ile tamu kuliko zote huli (hapo ndio shida). Unakamua mbegu kwenye glasi ya maji, unaacha siku mbili tatu mpaka inuke na kufanya utando juu, unaosha, unaanika kwa sahani, si kwa karatasi, zitang'ang'ania. Malenge ndio yalinifunza adabu. Nilipanda karibu na zukini, ndugu yake malenge, nyuki wakafanya kazi yao, na mbegu niliyoweka ikanipa mwaka uliofuata kitu kirefu kisicho lenge wala zukini, ladha ni maji tu.

Kuweka sasa. Mzee anakausha kabisa, anafunga kwa chupa ya jemu, anaweka kwa friji. Shosho (bibi) yangu alichanganya maharagwe na jivu kwenye kibuyu na mahindi ya mbegu akayaning'iniza juu ya jiko yapate moshi, na hakuna mtu alimfundisha darasani. Wataalamu wanasema unyevu wa mbegu ukipungua asilimia 1 maisha yake karibu yanaongezeka mara mbili, ndio hiyo shosho alikuwa anafanya.

Na Wangari Maathai mwaka wa 2008 alienda mpaka Svalbard, Norwe, akashiriki kuweka sanduku la kwanza kwenye lile ghala la mbegu la dunia lililochimbwa ndani ya mlima, mbegu zinakaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Huyo msomaji atuambie kama Mama Wangari pia alikosa pesa za paketi.

Mimi natafuta njahi ya shosho, ile fupi iliyokuwa inakomaa kabla ya za majirani, labda hiyo ingeshinda barafu. Dada yangu anasema za mwisho zilipikwa kwenye matanga ya shosho. Kama kuna mtu Nyeri au Kirinyaga bado anayo hata kiganja kimoja aandike humu, Disemba niko nyumbani na kibali cha kuingiza mbegu huku nimeshaomba.

Msomaji wenu,
Minnesota, Marekani