Barua ya wazi kwa msimamizi wa ukaguzi wa viwanja vya ndege: mlango ule wa pembeni bado uko wazi

Ngamiani, Tanga

Mheshimiwa,

YAH: MLANGO WA PEMBENI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu kwako kuhusu mlango wa pembeni uwanjani, ambao watu wanaupita na mizigo yao bila kukaguliwa. Mbili za mwanzo nilizileta kwa mkono hadi masjala, na nakala zake ninazo hapa mezani, zote zimegongwa mhuri wa kupokelewa. Kwa ile ya kwanza nilipigiwa simu nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Kwa ya pili sikujibiwa kabisa. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini Jumanne iliyopita yamemkuta mama yangu mzazi, na sasa naandika mbele ya watu wote.

Mama ana miaka 81. Ana kisukari, huu mwaka wa kumi na mbili, na goti lake la kulia halikunji. Ndiyo maana sisi wanawe tulichangishana tukamkatia tiketi ya ndege ndogo arudi nayo Tanga, asishinde kwenye basi mguu ukiwa umevimba. Mimi nilikuwa naye. Uwanja tulioondokea sitautaja jina hapa. Wewe utaujua, maana tarehe na saa nimeziandika kwenye nakala niliyoileta ofisini kwako.

Alikuwa na mkoba wa ukindu wenye khanga mbili, na chupa ya chai. Chupa hiyo haikuwa na chai. Ilijaa barafu, na katikati ya barafu, ndani ya kikopo kilichofungwa vizuri, zilikuwamo chupa mbili za insulini. Karatasi ya daktari niliishika mimi.

Alivuliwa makubadhi. Akapita langoni, lango likalia. Akarudishwa, likalia tena. Zilikuwa pini za mtandio. Akaambiwa azitoe, na pini zikitoka mtandio haukai. Basi mama yangu, ambaye sijapata kumwona kichwa wazi mbele ya mwanamume asiye wake, alisimama pale ameukamata mtandio kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameegemea meza kwa sababu ya goti. Hapakuwa na kiti. Hapakuwa na pazia. Kisha ikafunguliwa chupa. Binti wa ukaguzi akasema barafu ni maji, na maji hayapiti. Nikatoa karatasi ya daktari. Akamtazama mkubwa wake, mkubwa wake akatikisa kichwa. Barafu yote ikamwagwa kwenye pipa la taka, na zile chupa mbili za dawa mama akawekewa kiganjani, zimelowa, kama mtu anayerudishiwa chenji.

Binti yule simlaumu. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kuanza, na alifanya alichoagizwa.

Sasa naomba unisikilize vizuri. Kulia kwa mashine ya mizigo pana mlango wa kijivu. Kwa muda ambao mama alisimama pale, dakika kumi na moja kwa saa yangu, mlango ule ulifunguliwa mara tatu. Mara ya kwanza alipita kijana wa reflekta akisukuma toroli lenye maboksi manne yaliyozungushiwa selotepu, na mlinzi alimzuilia mlango kwa mguu huku akichezea simu. Mara ya pili alipita mama mmoja na hotpoti mbili, nadhani chakula cha wafanyakazi. Mara ya tatu alipita bwana mmoja wa suti na begi lake, akapigiwa saluti. Hakuna hata mmoja aliyewekewa kitu chake kwenye mashine. Hakuna aliyepita kwenye lango linalolia.

Mama naye aliona. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wale hawapandi ndege?" Nikamwambia hawapandi, mama. Akauliza, "Na maboksi je?"

Mheshimiwa, nimestaafu baada ya miaka 31 ya kuhesabu shehena bandarini, kwa hiyo mambo ya ukaguzi siyasikii kwa watu. Pwani hii yetu, kuanzia Jasini mpakani hadi Pangani na kuendelea, ina bandari bubu. Kila mtoto wa Tanga anajua maana yake. Unaweza kuweka geti kubwa bandarini, ukaweka karani, askari, mizani na rejesta, ukafungua kila gunia la mkulima wa watu, na usiku uleule mashua ikaingia kwenye mikoko na kushusha sukari ya magendo bila hata taa. Tukiamka asubuhi hesabu za getini zimekaa sawa kabisa, na madukani sukari haramu imejaa. Geti halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kule ambako hakuna aliyesimama. Mlango ule wa kijivu ni bandari bubu, na umeufungua wewe mwenyewe mita tano kutoka kwenye mashine yako.

Pale kijiweni kwetu kwenye kahawa wapo wanaosema ukaguzi wa viwanjani wote ni maigizo, uondolewe watu wapumzike. Mimi nimebishana nao miaka yote na bado nabishana. Mwaka 1982 nilikuwa na umri wa miaka 18. Tulikaa tumeizunguka redio siku vijana wa Kitanzania walipoiteka ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Ilipelekwa Nairobi, ikaenda Jeddah, ikaenda Athens, mpaka ikatua Stansted kule Uingereza, na watu wetu wamo ndani. Huwezi kuniambia mimi kwamba kumkagua abiria ni kazi bure. Huko Marekani, kati ya 1968 na 1972, matukio ya utekaji wa ndege yalizidi 130. Tarehe 5 Januari 1973 wakaanza kumkagua kila abiria na mzigo wake wa mkononi, na utekaji ukaporomoka. Huo ni ukaguzi uliofanya kazi, kwa sababu ulimhusu kila apitaye.

Lakini hebu tazama barafu ya mama yangu ilikotoka. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wakipanga kulipua ndege kwa vimiminika vilivyotiwa kwenye chupa za vinywaji. Walikamatwa kwa sababu walikuwa wanafuatiliwa siku nyingi. Hawakukamatwa uwanjani wala hawakufika huko. Ndipo ikaja kanuni ya mililita 100, kwamba abiria asiingie ndani ya ndege na chombo cha kimiminika kinachozidi hapo, ambayo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliipendekeza kwa safari za kimataifa, na tangu siku ya kwanza dawa na maziwa ya watoto wachanga viliachwa nje ya kanuni hiyo. Mama yangu alikuwa anasafiri kutoka Tanzania kwenda Tanzania, na dawa mkononi, na karatasi ya daktari. Na hivi sasa wenyewe wanalegeza. Uwanja wa Edinburgh, kule Uskoti nchini Uingereza, ulikiondoa kikomo hicho mwaka 2025 baada ya kufunga mashine mpya.

Makubadhi nayo ni hivyohivyo. Desemba 2001 mtu mmoja, Richard Reid, alijaribu kulipua kiatu chake angani kati ya Paris na Miami. Waliomzuia ni wahudumu na abiria, wakamfunga kwa mikanda ya suruali. Wasafiri wengi wakavuliwa viatu kwa ajili yake, na Julai 2025 Wamarekani wakatangaza kwamba basi, watu wapite na viatu vyao. Sisi bado tunamvua bibi wa miaka 81 makubadhi ya ngozi yenye kamba mbili.

Wala mashine peke yake haimalizi mambo. Mwaka 2015 ilivuja taarifa kwamba wakaguzi wa serikali ya Marekani walijifanya abiria wakapitisha silaha na mabomu ya bandia kwenye viwanja vyao. Walijaribu mara 70, wakapita mara 67. Hao ni watu wenye fedha na vifaa. Mkaguzi aliyechoka, anayetazama picha za mabegi saa nzima bila kupumzishwa, macho yake yanapita tu. Nadhani hata hapa kwetu uchovu una sehemu yake, na mishahara pia, ingawa hilo la mishahara sina ushahidi nalo.

Kinachoninyima usingizi ni Mogadishu. Tarehe 2 Februari 2016, ndege ya shirika la Daallo iliruka kutoka pale ikiwa na abiria 74. Kama dakika ishirini baadaye bomu likalipuka na kutoboa ubavu wa ndege. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta mpakato. Ndege ilikuwa bado haijapanda juu sana, ndiyo sababu rubani aliweza kuirudisha, na aliyekufa ni yule mlipuaji aliyefyonzwa nje kupitia tundu hilo. Abiria wale walikuwa wamekaguliwa. Mlipuaji mwenyewe alikuwa amekaguliwa, na hakukutwa na kitu. Kamera za uwanja ndizo zilizoonyesha kilichotokea: watu wawili walimkabidhi ile kompyuta baada ya kupita ukaguzi. Miezi michache baadaye mahakama ya kijeshi ya Somalia iliwatia hatiani wafanyakazi wa uwanja, na mmoja wao alikuwa afisa wa zamani wa usalama wa uwanja huohuo.

Soma tena hapo, Mheshimiwa. Baada ya kupita ukaguzi. Mfanyakazi wa uwanja. Halafu rudi kwenye mlango wangu wa kijivu na kijana wa reflekta na maboksi manne.

Simtuhumu kijana yule. Huenda mlikuwa na karatasi za chooni mle. Ninachosema ni kwamba mimi sijui, mlinzi hajui, na wewe hujui, kwa sababu hakuna aliyetazama. Na si kwamba nakutungia kanuni mpya. Kiambatisho cha 17 cha hao hao ICAO, kile cha usalama wa usafiri wa anga, kinataka wasio abiria nao wakaguliwe, wao na walichobeba, kabla ya kuingia eneo lililozuiwa. Wewe unakifahamu kuliko mimi.

Unakifahamu, kwa sababu wewe mwenyewe ulituambia. Ulipokuja Tanga mwaka juzi ulikaa na sisi wazee pale ukumbini, ukanywa madafu yetu, na mimi ndiye niliyesimama kuuliza habari ya milango ya pembeni. Ulijibu vizuri sana. Ulisema, "Mzee, kuanzia sasa kila mtu atapita kwenye mashine, hata mimi." Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba safari hii tumepata kiongozi.

Bandarini nilifanya kazi chini ya bosi mmoja ambaye kila jioni alisimamisha gari lake getini, akashuka, akafungua buti mwenyewe, mlinzi akatazama. Kila jioni, hata mvua ikinyesha. Kuli akiona hivyo anafungua mfuko wake bila kinyongo. Kwa miaka ile mibovu ya vitu kupotea ghalani, kilichopunguza wizi ni lile buti. Niliamini utafanya kama yeye.

Sasa habari ya dawa. Ndege ilichelewa saa mbili na nusu. Jua la uwanjani unalijua. Tulifika nyumbani chupa zile zina joto kama yai lililotoka kwa kuku. Muuguzi wa mtaani kwetu alisema huenda bado nzima, huenda hazifai, na kwa mtu wa miaka 81 huwezi kubahatisha. Kupata nyingine kulituchukua hadi Alhamisi. Jumatano usiku sukari ya mama ilipanda mpaka ikasoma 19. Nilikesha naye, akiomba maji kila baada ya muda, na kila nikimpa maji naiona ile barafu ikimwagwa kwenye pipa. Hatujalala vizuri mpaka leo. Mke wangu anasema niache kuandika barua, nitajiletea presha.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mambo mengi. Kiti na pazia kwa wazee na kinamama. Mkaguzi wa kike apewe nafasi ya faragha ya kumkagua mwanamke mwenye mtandio. Karatasi ya daktari iheshimiwe. Mama aombwe radhi, ingawa yeye mwenyewe ameshasema amesamehe na ananikataza nisilitaje hili. Yote hayo nayataka bado. Lakini kama utafanya moja tu, Mheshimiwa, fanya hili la mlango. Uufunge. Kama hauwezi kufungwa, uweke mashine hapo, na kila anayepita aweke alichobeba: mwenye toroli, mwenye hotpoti, mwenye suti, na wewe. Hata barafu ya mama yangu nitaimwaga mwenyewe kwa mikono yangu siku nitakayoona boksi la mfanyakazi linapita kwenye mkanda mbele yake.

Mwezi ujao mama anarudi kliniki, na tutapita uwanja uleule. Tutawahi saa mbili kabla. Pini za mtandio tutazitoa nyumbani na tutafunga kwa fundo. Mama atakaa kwenye kiti cha kukunja ambacho nimeshamnunulia, na mimi nitasimama palepale niliposimama Jumanne, nikiutazama mlango wa kijivu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu wa shehena,
Ngamiani, Tanga