Kilichoonekana jichoni kifike kliniki ya presha

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya miezi michache husambaa habari kwamba kompyuta yenye akili mnemba imeweza kutabiri mshtuko wa moyo kwa kutazama picha ya jicho tu, na kila zinaposambaa, jamaa na majirani hunipigia simu kuniuliza ni hospitali gani hapa nchini yenye mashine hiyo. Nilikuwa muuguzi wa kliniki za macho hadi nilipostaafu, kwa hiyo naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini naona tunaulizia kitu cha mbali ilhali cha karibu tumekiacha.

Utafiti uliozaa sehemu kubwa ya habari hizo ulichapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Google. Waliifundisha kompyuta kwa picha za retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zilizopigwa kwa watu zaidi ya 280,000, nayo ikaweza kukadiria umri wa mtu, jinsia yake, kama anavuta sigara, na hata presha yake. Ilipoonyeshwa picha za watu wawili, ambao mmoja wao alikuja kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka mitano na mwingine hakupatwa, ilimtambua huyo wa kwanza mara 70 hivi katika kila 100. Ni kazi ya kupongezwa. Hata hivyo, njia za kawaida za kukadiria hatari hiyo, ambazo daktari huzitumia kwa kuuliza umri na uvutaji sigara, kupima presha na kupima lehemu katika damu, hufikia kiwango hichohicho au kukipita kidogo. Umri na presha, ambavyo kompyuta ilivikisia kutoka jichoni, muuguzi wa zahanati huvipata kwa swali moja na kwa kufunga mkanda wa mashine mkononi mwa mgonjwa.

Isitoshe, kuyasoma maradhi ya mwili kupitia mishipa ya jicho ni elimu ya zamani. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha maelezo ya oftalmoskopu, kifaa kidogo kinachoingiza mwanga ndani ya jicho na kumwezesha daktari kuiona retina, ambayo ndiyo sehemu pekee ya mwili ambako ateri ndogo (mishipa inayoleta damu kutoka moyoni) na vena ndogo (inayoirudisha) huonekana wazi bila kupasua ngozi. Katika miaka ya 1890 Marcus Gunn, daktari wa hospitali ya macho ya Moorfields mjini London, alieleza alichokiona kwa wagonjwa wenye maradhi ya figo na kiharusi: pale ateri inapokatiza juu ya vena, vena huonekana imebanwa. Mishipa hiyo miwili hufungwa ndani ya ala moja, yaani ganda jembamba linaloizunguka, kwenye makutano hayo, kwa hiyo ateri ikikakamaa na kunenepa kuta kwa sababu ya presha ya muda mrefu, vena hukosa nafasi.

Mwaka 1939 Keith, Wagener na Barker, madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani, waliyapanga mabadiliko hayo katika madaraja manne ambayo sisi tuliosomea macho tuliyakariri. Katika daraja la kwanza ateri huwa zimesinyaa kidogo. Katika la pili zimesinyaa zaidi na vena zimebanwa. Katika la tatu damu imevuja na yameonekana madoa meupe ya pamba, ambayo ni sehemu ndogo za retina zilizokosa damu. Na katika la nne kichwa cha neva ya jicho, yaani pale neva hiyo inapoungana na retina, kimevimba. Walipowafuatilia wagonjwa wao kwa miaka mitatu, watu 70 katika kila 100 wa daraja la kwanza walikuwa bado hai, na wa daraja la nne walikuwa 6 tu. Wakati huo dawa za maana za kushusha presha zilikuwa bado hazijapatikana. Leo zipo, tena baadhi yake ni za bei nafuu, na kwa sababu hiyo taarifa ileile iliyokuwa hukumu mwaka 1939 sasa ni nafasi ya kuokoa maisha, mradi imfikie anayeweza kuitumia.

Uhusiano wa jicho na ubongo ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Retina huchipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe mimba ikiwa changa, na damu yake hutoka kwenye ateri ileile ya shingoni, yaani karotidi ya ndani, inayoulisha ubongo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 10,000 wa makamo, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba waliokuwa na mabadiliko katika mishipa ya retina walipata kiharusi zaidi katika miaka iliyofuata, hata baada ya presha na kisukari kuzingatiwa katika hesabu. Kwa upande wa moyo picha haikuwa nyoofu hivyo: kusinyaa kwa ateri za retina kulihusiana na maradhi ya moyo kwa wanawake lakini si kwa wanaume, na watafiti walilichukua jambo hilo kuwa dalili kwamba vishipa vidogo vina nafasi kubwa zaidi katika maradhi ya moyo ya wanawake.

Afrika nayo imechangia katika elimu hii, ingawa kwa ugonjwa mwingine. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, watafiti waliwachunguza baada ya kifo watoto 31 ambao, kwa vigezo vyote vya kitabibu, walikuwa wamefariki kwa malaria ya ubongo. Saba kati yao walikutwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Dalili pekee iliyoweza kuwatenganisha wakiwa bado hai ilikuwa mabadiliko katika retina na mishipa yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004, na nimeyataja kwa sababu dalili hiyo huonwa kwa kupanua mboni na kutazama ndani ya jicho kwa kifaa, kazi inayofanyika kila siku katika kliniki zetu za macho.

Simaanishi kwamba jicho linaweza kuchukua nafasi ya mashine ya presha. Mabadiliko madogo ya daraja la kwanza hata wataalamu hutofautiana katika kuyasoma, na yanaweza kuonekana kwa mtu mzee ambaye presha yake ni ya kawaida. Vilevile mtu anaweza kuwa na presha ya kutisha na retina isionyeshe lolote bado. (Hapa nazungumzia shinikizo la damu mwilini, wala si presha ya macho, ambayo ni ugonjwa mwingine.) Ninachosema ni kwamba anayekuja kutibiwa macho amekwisha kufika mbele ya mhudumu wa afya, na mara nyingi tunamwacha aondoke bila kumpima.

Utafiti wa kiharusi uliofanyika nchini kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 jijini Dar es Salaam, baada ya tofauti za umri kusawazishwa. Sababu kuu ya kiharusi inayoweza kuzuilika ni presha, na presha haiumi. Mama mjamzito hupimwa kila anapohudhuria kliniki, lakini mwanaume wa miaka 45 anayejisikia mzima hana sababu ya kwenda kupimwa popote. Anayo sababu moja tu ya kumfikia mhudumu wa afya: karibu kila mtu akivuka miaka 40 huanza kuisogeza simu mbali ili aweze kuisoma, na hatimaye huenda mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kutafuta miwani ya kusomea. Umri huo ndio presha nayo huanza kupanda kwa wengi. Sijui mahali pengine panapowapata wanaume wa rika hilo kwa urahisi kama kliniki ya macho na duka la miwani.

Nilikofanya kazi, daktari akiona mishipa imebanwa aliandika herufi mbili na namba ya Kirumi kwenye daftari la mgonjwa, akampa matone au miwani, na mgonjwa akaenda zake. Aliyelisoma daftari hilo baadaye katika kliniki ya presha, kama alikuwepo, hakuweza kuzielewa herufi zile. Sentensi moja ya Kiswahili, kwamba mishipa ya jicho inaonyesha athari za presha na mgonjwa apimwe leo, ingetosha.

Lipo pia jambo ambalo wasomaji wako wangepaswa kulijua hata kama hospitali hazitabadilisha chochote. Jicho moja likipoteza nuru ghafla bila maumivu, hata kama nuru imerudi baada ya dakika chache, huenda kipande cha damu iliyoganda au cha mafuta kimeziba ateri ya retina, na chanzo chake mara nyingi ni shingoni au moyoni. Kipande kinachofuata kinaweza kuingia ubongoni. Madaktari wa maradhi ya moyo na kiharusi wa Marekani walisisitiza mwaka 2021 kwamba hali hiyo ishughulikiwe kama kiharusi, kwa dharura ileile. Huku kwetu watu hununua matone dukani na kusubiri hadi Jumatatu.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya na waganga wakuu wa mikoa waweke mashine ya presha mapokezi katika kila kliniki ya macho, na rejesta ya kliniki iwe na safu ya presha kwa kila mtu mzima, kama ilivyo na safu ya uwezo wa kuona. Kliniki za presha na kisukari nazo zipeleke wagonjwa wao kuangaliwa retina, hasa wale ambao presha yao imekuwa juu sana au wanaolalamika kuona ukungu pamoja na kuumwa kichwa, na hao wa mwisho wapelekwe siku hiyohiyo. Wenye maduka ya miwani watasema kazi hiyo si yao na itawachelewesha wateja. Kupima presha huchukua kama dakika kumi pamoja na kumpumzisha mtu kitini, na wateja wao wengi huwa wameketi hapo wakisubiri kioo kikatwe.

Wako katika huduma,
Muuguzi mstaafu wa kliniki ya macho,
Moshi, Kilimanjaro.